Mrija Unaochungulia Kifua cha Mtoto

Mtoto akikoroma kifuani mwezi baada ya mwezi, na dawa amekunywa hadi zikamchosha, daktari atajuaje kilichomo ndani? Picha ya eksirei huonyesha vivuli tu. Mara nyingine yambidi achungulie mwenyewe, na kuchungulia huko ndiko kuitwako bronkoskopi.

Mwaka wa 1897, huko Ujerumani, daktari Gustav Killian alitumia bomba lililonyooka kutoa mfupa uliomkwama mkulima katika njia ya hewa. Mnamo 1966 Shigeto Ikeda wa Japani akaleta mrija unaojipinda, wenye nyuzi nyembamba za kioo ndani. Wenzangu wa Kidato cha Tatu, mnaikumbuka ile mada ya fizikia, mwanga kugonga ukuta wa kioo ukarudi wote ndani? Basi ndiyo hiyo! Kumbe si ya mtihani peke yake. Siku hizi mirija mingi ina kamera ndogo kwenye ncha.

Mtoto hukaa bila chakula kwa saa kadhaa asije akatapika. Hupewa dawa ya kumlaza, pua na koo hutiwa ganzi, kisha mrija hupitishwa puani polepole. Daktari aweza kuona koo lililolegea, au njia iliyobanwa na tezi za kifua kikuu. Aweza pia kumimina maji kidogo ya chumvi na kuyafyonza ili yakapimwe viini.

Je, ni salama? Mama mmoja mtaani kwetu alipoambiwa habari za mrija alimbeba mwanawe akarudi naye nyumbani. Simlaumu, maana mtoto hupumua kandokando ya mrija huo. Hebu tupige hesabu: njia ya hewa ikiwa na upana wa milimita 5 na mrija 2.8, karibu thuluthi ya nafasi imekwisha. Mrija wa 3.5 humeza nusu! Ndiyo sababu kifaa cha kupima oksijeni hufungwa kidoleni, na mashine ya kupumulia huwa karibu. Kikohozi, damu kidogo puani au homa ya usiku mmoja hutokea na kupita. Madhara makubwa ni nadra, ingawa vichanga na wagonjwa mahututi wamo hatarini zaidi.

Njugu ikikwama, aghalabu madaktari hurudia lile bomba lililonyooka, kwani mtoto hupumua kupitia ndani yake. Na baada ya shughuli, mtoto asipewe hata maji mpaka ganzi iishe, yasije yakampalia.