Safari moja, kaunti tatu

Saa kumi na moja alfajiri, kwenye steji ya Kitengela, makanga anaita, "Tao mia! Tao mia!" Mvua inaanza kudondoka, na kabla hatujafika mlangoni mia imekuwa mia mbili. Mama aliyesimama mbele yangu anafungua fundo la leso, anahesabu, analifunga tena, kisha anasogea kando kungoja mvua ikatike.

Akalalamike wapi? Gari linatoka Kajiado, linaingia Machakos pale Athi River, linapita Mlolongo ndipo lifike Nairobi. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti usafiri wa umma barabarani, lakini leseni ya matatu iko mikononi mwa NTSA, mamlaka ya kitaifa iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Kaunti tatu na serikali kuu, na hakuna anayeshika nauli.

Tumewahi kuona sheria ikiuma. Februari 2004, kanuni za matatu za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoanza kutekelezwa, wengi walitembea kwa miguu kwenda kazini kwa kukosa matatu. Magari yaliporudi yalikuwa na mikanda, mstari wa manjano na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Nawaheshimu waliosimamia kazi hiyo. Ila kanuni zile hazikuikomesha hesabu, yaani pesa ambazo dereva na makanga wake lazima wampelekee mwenye gari kila jioni, kuwe na abiria kusiwe. Kanuni za matatu za 2014 zilitaka wafanyakazi walipwe mshahara wa mwezi. Nenda steji yoyote uulize ni nani anayeupokea. Hesabu ndiyo inayopandisha nauli mawingu yakitanda, na ndiyo inayomfanya dereva apite kando ya lami pale Mlolongo.

Mwaka 2017 iliundwa NAMATA, mamlaka ya kusimamia uchukuzi wa Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a kwa pamoja. Wazo zuri mno. Katika michoro yake ya mabasi ya mwendo kasi (BRT), njia ya Ndovu inafika hadi Kitengela. Lakini NAMATA ilizaliwa kwa amri ya Rais, na amri huondolewa kwa amri nyingine. Bunge liipe sheria yake, na sheria hiyo itaje hesabu kwa jina. Nauli nayo iandikwe ubavuni mwa gari, pale pale inapoandikwa idadi ya abiria.