Chungulia kati ya ekseli na chasisi

Pale njiapanda ya Tinde, ambako barabara ya kutoka Nzega inagawanyika kwenda Shinyanga mjini na kwenda Kahama, utingo mmoja aliniuliza: "Kaka, tela letu limepimwa, ekseli tatu za nyuma hazijazidi tani 24, sheria inaruhusu. Mbona kila safari tairi za ekseli ya mwisho ndizo zinapasuka?"

Swali zuri, maana hizo tani 24 za sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 ni jumla ya ekseli zote tatu. Nani kati yao anabeba nini, hilo linaamuliwa na springi.

Ukitaka kujua tela lina mfumo gani, inama uangalie kilichopo kati ya ekseli na chasisi. Mkokoteni wa ng'ombe wa huku Usukumani hauna kitu: ekseli imefungwa moja kwa moja, na kwa mwendo wa ng'ombe wala haina shida. Kompresa nyingi zinazovutwa na pikapu migodini nazo utadhani hazina, kumbe mpira umefichwa ndani ya bomba la ekseli.

Kwenye malori ndipo penye kazi. Ukiona bapa za chuma zilizopangana na kupinda kama upinde, hizo ni springi za bapa. Sasa tazama pale springi ya ekseli moja inapokutana na ya ekseli inayofuata. Kuna kipande cha chuma kinachocheza kama pembea. Ekseli moja ikipanda tuta, pembea inasukuma mzigo kwa jirani. Ikikwama kwa kutu na vumbi, au bushi yake ikiisha, mgawanyo unakufa.

Ukiona mifuko minene ya mpira, huo ni mfumo wa upepo. Mifuko ya upande mmoja imeunganishwa kwa mabomba, kwa hiyo presha inakuwa sawa, na mzigo unakuwa karibu sawa bila pembea yoyote. Lakini upepo hausuguani kama bapa za chuma, ndiyo maana shokapu ni lazima; zikifa, tela linadundadunda. Binafsi naupenda, ila bapa iliyovunjika fundi wa Kahama anaibadilisha kando ya barabara, wakati mfuko uliopasuka unasubiri spea.

Na hasara si ya tairi tu. Majaribio ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, 1958 hadi 1960 yalionyesha kuwa uharibifu unakua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli iliyopaswa kubeba tani 8 ikibeba 10, inaichosha lami kama mara 2.4, na mzani unaosoma jumla hauoni kitu.

Tulichuchumaa na utingo chini ya tela lake. Lilikuwa la springi za bapa. Pembea ya nyuma ilikuwa imelala upande mmoja, na nilipomwomba aisukume kwa mtalimbo, haikutikisika.