Tumbo la Jumapili jioni: Mtoto mwenye wasiwasi anahitaji nini?

Kama una mtoto wa shule ya msingi, huenda hali hii unaijua. Jumamosi nzima anacheza kombolela na wenzake, anakula wali na kuomba aongezwe. Ikifika Jumapili jioni, sare zinapopigwa pasi, tumbo linaanza kuuma. Unampeleka zahanati, anapimwa malaria, mkojo na choo, majibu yanatoka hana kitu. Jumatatu ukimwacha nyumbani, ikifika saa 3 asubuhi tumbo limepona na anatafuta mpira.

Hapo ndipo ndugu wanapogawanyika. Baba atasema mtoto anadeka, achapwe aende shule. Shangazi atasema kuna mkono wa mtu, atafutwe mganga. Lakini maumivu yale mara nyingi si ya kuigiza. Mwili wa mtoto mwenye wasiwasi unamwaga adrenalini na kotisoli, homoni zile zile zinazomwezesha mtu kumkimbia nyoka. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, na damu inapungua kwenye utumbo ili iende kwenye misuli. Utumbo nao unalalamika. Mtoto wa miaka saba hana maneno ya kueleza wasiwasi, kwa hiyo anakwambia, "Mama, tumbo."

Kuogopa ni sehemu ya kukua. Mtoto wa miezi minane akilia anapopokewa na mgeni yuko sawa kabisa, na wa miaka minne akiogopa giza na mazimwi yuko sawa pia. Jambo linakuwa tatizo pale hofu inapodumu kwa wiki nyingi na kuanza kumnyang'anya mambo yake: shule, usingizi, chakula, marafiki. Wengine huanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha muda mrefu. Wengine huwa wakali tu, na hakuna anayefikiri kwamba ukali ule ni woga.

Swali la wazazi wengi ni hili: je, kuna njia ya asili ya kumsaidia mtoto huyu bila kumpa vidonge? Ipo, tena zaidi ya moja. Ila nyingi hazipatikani kwenye chupa.

Nianze na usingizi, kwa sababu ndiko tunakowaonea zaidi watoto wetu. Wataalamu wa usingizi wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 apate saa 9 hadi 12 za kulala kila siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 apate saa 8 hadi 10. Sasa piga hesabu ya mtoto wa Dar es Salaam ambaye gari la shule linampitia saa 11 alfajiri. Ameamshwa saa 10 na nusu. Jioni anashuka kwenye gari giza linaingia, anaoga, anakula, anafanya kazi za shule, anamalizia na katuni kwenye simu ya mama, kisha analala saa 4 usiku. Hizo ni saa sita na nusu za usingizi, siku tano mfululizo. Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kupiga king'ora cha hatari. Ubongo usiolala vya kutosha hupiga king'ora hicho kwa sauti kubwa hata pale pasipo na hatari. Kwa hiyo kabla hujatafuta dawa ya wasiwasi, tafuta saa mbili zilizopotea.

Zitatoka wapi? Simu na televisheni vizimwe saa nzima kabla ya kulala. Sare, viatu na daftari viandaliwe mapema. Zungumza na dereva, maana watoto wengine hupitiwa wa kwanza asubuhi na kushushwa wa mwisho jioni kwa sababu tu hakuna mzazi aliyeuliza. Na kwa maoni yangu, shule ya jirani ambayo mtoto anatembea kwa miguu dakika kumi ina faida ambayo shule yenye jina iliyo ng'ambo ya jiji haiwezi kuilipa. Suluhisho pia si kumpeleka bweni mtoto mdogo. Mwaka 2023 Serikali ilizuia shule kulaza bweni watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali, na kwa mtoto anayehofia kutengana na mama yake sababu iko wazi.

Chakula nacho kina sehemu yake, ingawa hakuna chakula kinachoponya wasiwasi. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kula anaweza kutetemeka, kutoka jasho na kusikia moyo ukidunda kwa sababu sukari ya mwili imeshuka, na yeye hawezi kutofautisha hali hiyo na hofu. Kikombe cha uji chenye karanga kinatosha kuondoa utata huo. Angalia pia anachokunywa. Kafeini iko kwenye kahawa, soda aina ya kola na chai ya majani, na iko kwa wingi kwenye vile vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa dukani kama juisi. Hivyo vya mwisho si vya mtoto, hata awe mchezaji wa namna gani.

Michezo ni dawa tusiyoiheshimu. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate walau dakika 60 kwa siku za shughuli zinazouchangamsha mwili. Rede, kuruka kamba, chandimu, vyote vinahesabika. Mtoto anayekimbia hadi moyo unadunda, kisha akatulia, anajifunza jambo ambalo huwezi kumweleza kwa maneno: moyo kwenda mbio hakumaanishi anakufa. Tuisheni ya kila jioni na kila Jumamosi inamnyima somo hilo.

Kuna pia pumzi. Mwambie mtoto ajifanye ameshika kikombe cha uji wa moto. Avute harufu yake kwa pua taratibu, kisha aupulize upoe, taratibu sana, usije ukamwagika. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Pumzi ya namna hii hupunguza mapigo ya moyo kupitia mshipa wa fahamu uitwao vegasi, unaounganisha ubongo na moyo pamoja na tumbo. Mfundishe akiwa ametulia, kila usiku kabla ya kulala, mara tano tu. Ukisubiri hadi awe analia getini, hutafundisha kitu.

Sasa jambo gumu. Kila unapomruhusu kubaki nyumbani kwa sababu ya hofu, siku hiyo anapata nafuu, na ubongo wake unaandika kwamba shule kweli ilikuwa hatari na ameokoka. Jumatatu ijayo hofu inakuwa kubwa zaidi. Kumsukuma kwa fimbo nako kunamthibitishia kwamba dunia inatisha. Kinachosaidia ni hatua ndogo ndogo. Tuseme anaogopa kusoma mbele ya darasa. Wiki ya kwanza amsomee bibi. Inayofuata awasomee rafiki wawili barazani. Kisha amsomee mwalimu peke yake baada ya vipindi, na mwisho asome sentensi moja darasani. Asipande ngazi ya pili mpaka ya kwanza imemchosha kwa urahisi wake. Na badala ya kumwambia "usiogope", mwambie, "Naona unaogopa. Tutakwenda pamoja mpaka getini, halafu mwalimu atakupokea."

Lakini kabla ya kupanga ngazi hizo, uliza kama anachokiogopa ni cha kweli. Hofu nyingine ni taarifa. Huenda kuna mwalimu anayechapa kupita kiasi, mwanafunzi mkubwa anayemnyang'anya hela, mtu ndani ya gari la shule anayemshika vibaya, au mjomba anayekuja kulala wikiendi. Mtoto anayeogopa mtu mmoja mahususi, sehemu moja mahususi, au anayekataa ghafla kuvuliwa nguo, asifundishwe kuvumilia. Aulizwe kwa upole, mkiwa wawili, mkiwa mnachambua mchele au mnatembea, maana watoto husema zaidi wasipotazamwa usoni. Akikueleza, mwamini na umshukuru. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto.

Na mitishamba? Chai ya mchaichai isiyo na majani ya chai haina kafeini, inanukia vizuri, na kuinywa pamoja jioni ni desturi nzuri ya kumtuliza mtoto. Hiyo si sawa na kusema inatibu wasiwasi. Hakuna ushahidi wa kutosha wa hilo. Kamomili imejaribiwa zaidi kwa watu wazima. Mafuta ya lavenda ni ya kunusa, yakimezwa yanaweza kumdhuru mtoto. Kava, inayouzwa mtandaoni kama kitulizo cha asili, imehusishwa na madhara makubwa ya ini, asipewe kabisa. Dawa ya unga isiyo na lebo wala kipimo usimpe, hasa kama anatumia dawa za kifafa, kifua kikuu au ARV, kwa sababu baadhi ya mitishamba huvuruga kazi ya dawa hizo. Asali kwenye chai ni sawa, ila si kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Kuna na "kitulizo" kingine ambacho si cha asili wala si cha wasiwasi: piritoni. Ni dawa ya mzio, na usingizi unaouleta ni athari yake ya pembeni. Haiondoi hofu, baadhi ya watoto huwafanya wahangaike zaidi, na ikizidi ni sumu.

Mrudishe mtoto hospitali kama maumivu ya tumbo yanamwamsha usiku, anapungua uzito, ana homa au damu kwenye choo; hapo usimalizie kwenye wasiwasi. Akitamka kwamba anataka kufa au kujidhuru, nenda siku hiyo hiyo. Na kama umejaribu haya kwa wiki sita hivi na bado haendi shule au halali, omba rufaa ya kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Hospitali za rufaa za mikoa na Hospitali ya Taifa Muhimbili zinatoa huduma hiyo. Tiba inayoanza kwa watoto wengi ni ya mazungumzo na mazoezi ya hatua kwa hatua, si vidonge, na mzazi hushirikishwa.

Ukienda, beba daftari. Andika kwa wiki mbili mtoto amelala saa ngapi na kuamka saa ngapi, tumbo liliuma siku gani na nini kilikuwa kinamsubiri siku hiyo. Daktari ataanzia hapo.