Vita vya Ziwa Tanganyika na Sinema Yake

Mwaka 1928 Waingereza walitoa filamu ya Balaclava, kuhusu mapigano ya 25 Oktoba 1854 katika Vita vya Krimea. Wapanda farasi zaidi ya 600 walipokea amri isiyoeleweka vizuri, wakaikimbilia mizinga ya Warusi.

Mapigano ya namna hiyo hayangewezekana katika miombo ya Mishamo, magharibi mwa Tanzania. Mbung'o hawana huruma kwa farasi. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kikosi cha wapanda farasi cha Jenerali Van Deventer kilipoelekea Kondoa-Irangi, farasi wake walikufa kwa wingi.

Magharibi ya Mishamo, vita vilikuwa majini. Wajerumani walitengeneza meli ya Graf von Götzen huko Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaileta kwa bahari na reli hadi Kigoma, ikashushwa ziwani Februari 1915. Waingereza nao wakaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Reli ilipoishia huko Katanga, boti zikavutwa porini. Waafrika ndio waliofyeka njia na kujenga madaraja. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 Waingereza wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann.

Kisa hicho ndicho kilichompa C. S. Forester msingi wa riwaya ya mwaka 1935, ambayo John Huston aliifanya filamu ya The African Queen mwaka 1951, iliyopigwa picha Uganda na Kongo. Humphrey Bogart akapata Oscar. Ni filamu tamu, lakini mashujaa wake ni Mwingereza na Mkanada, na meli ya Kijerumani inazamishwa kwa mabomu yao. Kwa kweli Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe, 26 Julai 1916, karibu na mlango wa Malagarasi, baada ya mitambo kupakwa grisi isiharibike. Grisi ilifaa: meli iliibuliwa, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Wakazi wengi wa Mishamo, makazi yaliyoanzishwa 1978 kwa wakimbizi wa Burundi, wana sababu ya kulijua jina hilo. Mwaka 2015 Liemba iliwabeba wakimbizi wapya wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma.

Watengeneza filamu wa Tanzania, historia hii ipo mlangoni petu. Wapigeni picha wale waliovuta boti.