Je, Wajua? Mifupa ya Ng'ombe Ndani ya Ndoo ya Maji

Sogea hapa kwenye benchi, ndugu msomaji. Leo tunaongelea kitu ambacho huenda umekinywa asubuhi hii bila kukiona: floraidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji yanaweza kumeremeta kama kioo, na kumbe yamekuja kuchukua weupe wa meno ya mwanao.

Je, wajua kwamba Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita? Dumu zima la lita 20 mwisho wake ni gramu 0.03. Chumvi unayoibana kwa vidole viwili tu inaishinda hiyo mara kadhaa!

Sasa shika hapo, twende Nakuru. Maji ya Ziwa Nakuru yamewahi kupimwa yakakutwa na miligramu 2,800 kwa lita, na ya jirani yake Elementaita 1,640. Dumu lako moja lingebeba gramu 56! Na humo humo ndimo heroe, wale ndege wa waridi, hushinda wameinamisha vichwa wakichuja mwani.

Inatoka wapi? Volkano, hakuna mchawi mwingine. Maji hupenya kwenye miamba iliyotapikwa na milima ya Bonde la Ufa, yanaisomba floraidi, yanaibukia kisimani kwako. Ndiyo maana kwenye miteremko ya Mlima Meru chemchemi mbili za jirani zinaweza kutofautiana kwa floraidi kama mbingu na ardhi.

Umepita njia ya Arusha kwenda Moshi? Basi umepita Maji ya Chai, mahali palipopewa jina na mto wenye maji ya kahawia. Usidhani hiyo kahawia ndiyo floraidi. Yenyewe, nimeshakwambia, haina rangi. Ila ipo, tena tele.

"Mimi nachemsha," unasema. Pole! Moto unaua vijidudu, floraidi hauijui. Maji yanapaa kwa mvuke, yenyewe inabaki sufuriani, na kadiri unavyochemsha ndivyo inavyozidi kukolea.

Maharage magumu? Unatupia magadi. Ngoja kwanza: magadi ya asili, yale yanayozolewa Bonde la Ufa, nayo yamepimwa yakakutwa yamebeba floraidi. Na mmea wa chai huifyonza kutoka udongoni na kuirundika kwenye majani, jani zee likibeba kuliko chipukizi. Mtu wa Maji ya Chai anayepika chai ya majani mazee... tuyaache hayo.

Hujasikia bado. Je, wajua kwamba floraidi inapenda mfupa kuliko kitu chochote? Ukiinywa nyingi mwaka baada ya mwaka, inahamia kwenye mifupa yako, viungo vinakakamaa, miguu ya mtoto inaweza kupinda. Basi wataalamu wakakaa wakasema: kama inapenda mfupa, tuipe mfupa! Kule Ngurdoto, karibu na Arusha, kuna kituo kizima cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji. Silaha yao? Mifupa ya ng'ombe.

Mifupa inaingia kwenye tanuru, inanyimwa hewa, inageuka mkaa. Inapondwa, inachekechwa, inajazwa kwenye ndoo yenye bomba. Fungua kifuniko uchungulie: punje nyeusi, kama ubwabwa uliounguzwa na bi harusi mgeni. Maji yanamiminwa juu, floraidi inanasa kwenye mfupa, chini unakinga safi. Yaani ng'ombe aliyeliwa nyama choma Jumapili anaweza kulinda meno ya shule nzima!

Lakini uchomaji wa mifupa ni kama kukaanga kahawa. Ukitoa mapema, maji yananuka shombo na hakuna atakayeyanywa mara ya pili. Ukizidisha hadi mfupa ukawa mweupe kama chokaa, uwezo wake umepungua. Na mkaa wa kuni usijaribu. Wa mfupa ndio wenye dawa. Nakuru nao hawakulala: Jimbo Katoliki la huko limetengeneza vichujio vya mifupa kwa miaka, na watafiti kutoka Uswisi walishirikiana nao.

Mhindu asiyegusa ng'ombe je? Kwao India wana dawa nyingine: shabu! Shabu hiyo hiyo ya dukani, ikatiwa majini pamoja na chokaa, ukakoroga, ukaacha yatuame, floraidi ikazama na mashapo. Mbinu inaitwa Nalgonda, jina la wilaya yenye maji ya namna hiyo, na nchini Tanzania imeshajaribiwa kwa ndoo mbili za kawaida.

Na huyu je, unamfahamu? Dakta Askwar Hilonga, Mtanzania, alichanganya mchanga na chembechembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho akapata kichujio kinachoweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali, floraidi ikiwemo. Mwaka 2015 alinyakua Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, wa kwanza kabisa kuipata, na pauni 25,000 juu.

Je, wajua kwamba Tanzania iliwahi kuruhusu miligramu 8 kwa lita vijijini? Zaidi ya mara 5 ya kiwango cha dunia! Kwa kiwango kikali, visima vingapi vingefungwa, na watu wanywe nini? Baadaye ikashuka hadi 4, kisha 1.5.

Marekani nako, daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs mwaka 1901 akakuta watu wana meno ya kahawia. Akahangaika miaka 30 kumtafuta mkosaji, hadi 1931 mkemia wa kampuni ya alumini alipomkamata: floraidi. Ila McKay alikuwa ameona jambo la ajabu: meno yale ya kahawia yalikuwa hayaozi ovyo! Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukaanza kuitia floraidi kidogo kwenye maji ya bomba makusudi. Wao wanaongeza, sisi tunapunguza!

La mwisho, kabla chai haijapoa. Tabaka gumu la nje la meno ya mbele hukamilika utotoni, kabla ya miaka 8 hivi. Mtu mzima akihamia kwenye maji ya floraidi, meno hayo hayageuki kahawia hata akae miaka 40, ingawa mifupa yake inaendelea kuhesabu. Aliyekulia huko akapata meno ya kahawia huyabeba hadi uzeeni, hata akihamia Ulaya. Hebu cheka kidogo, tuone ulikulia kisima gani.