Utangulizi: Tezi ya Shingo na Uzito wa Mwili

Wengi wanaoanza kusoma habari za tezi ya shingo huja na swali moja: mtu amenenepa, hali zaidi ya alivyokuwa akila, na hajui kwa nini. Karibu. Sura zinazofuata zimeandikwa kwa ajili yako, uwe muuguzi wa zahanati huko Makongolosi, mwanafunzi wa lishe, au mgonjwa mwenyewe uliyeambiwa juzi na daktari wa Mbeya kwamba tezi yako imelegea, yaani haitoi homoni za kutosha. Naomba tu uvumilivu wako, maana hatutaanza na mzani. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, habari za tezi huanza na chumvi.

Tezi hii ndogo iliyokaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, hutengeneza homoni zake kwa madini joto. Madini hayo yamo tele baharini, lakini udongo wa milimani uliosombwa na mvua miaka na miaka umebakiwa na kiasi kidogo mno, na mahindi, viazi na maharage yanayooteshwa humo hayawezi kutoa kisichokuwamo. Tezi ikiyakosa hutanuka ili inase hata kile kidogo kinachopita katika damu, na hapo ndipo rovu linapojitokeza. Mwaka 1965 daktari Michael Latham alichapisha utafiti wake wa rovu huko Ukinga, milima ambayo leo imo wilayani Makete. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, ikaja kuibeba kazi hiyo kitaifa: kati ya 1986 na 1994 watu wa wilaya zilizoathirika zaidi waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katikati ya miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula iongezwe madini hayo. Wilaya 16 zilipopimwa tena mwaka 1999, kiwango cha rovu kilikuwa kimeshuka sana. Hayo ni mafanikio makubwa ya afya ya jamii katika nchi yetu, na yanastahili kufundishwa mashuleni kuliko yanavyofundishwa sasa.

Kazi haijaisha, hata hivyo. Kusini mwa Ziwa Rukwa, huko Ivuna, watu wamechemsha chumvi ya chemchemi kwa karne nyingi, na waakiolojia wamechimba mabaki ya kazi hiyo. Ni urithi wa kujivunia. Lakini chumvi inayotoka moja kwa moja chunguni kwa mpishi haijaongezwa madini joto, na kaya inayotegemea chumvi ya namna hiyo peke yake inarudi ilikokuwa kabla ya sheria. Hata ile ya pakiti hupoteza madini yake ikiachwa wazi juani au karibu na moto. Kopo lenye kifuniko linatosha kuitunza.

Sasa tumfikie mgonjwa wa leo. Si kila tezi iliyolegea imekosa madini joto. Mwaka 1912 daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, alieleza ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe huishambulia tezi na kuidhoofisha polepole. Unawapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na wengine tezi zao huyumba katika miezi ya baada ya kujifungua. Wapo pia waliopasuliwa rovu miaka iliyopita wakarudi nyumbani wamepona shingo, ila tezi iliyobaki haitoshi. Wote hawa chumvi ya madini joto haitawaponya, na kumeza matone au vidonge vya ziada vya madini joto bila ushauri wa daktari kunaweza hata kuwazidishia shida.

Dalili za tezi iliyolegea huingia kimyakimya. Mbeya mwezi Julai kila mtu amevaa sweta, kwa hiyo anayehisi baridi hajulikani. Ukiteremka hadi Chunya, kwenye joto, na ukamkuta mama amejifunika khanga mbili adhuhuri huku wenzake wanajipepea, hapo sikiliza. Muulize kuhusu choo, uchovu, hedhi, sauti iliyokuwa nyembamba ikawa nzito. Tazama uso wake asubuhi, kope zimevimba. Mguse ngozi, ni kavu. Pengine miguu nayo imejaa. Bonyeza muundi wake kwa kidole gumba kisha uachie. Kwa mgonjwa wa moyo au figo mara nyingi kishimo hubaki, lakini kwa tezi iliyolegea sana ngozi mara nyingi hurudi palepale, kwa sababu kilichoijaza ni dutu zinazofanana na ute zilizovuta maji, na hazisogei kwa kubonyezwa.

Hapo ndipo kilipo kiini cha somo letu, nami nitakisema bila kuzunguka. Tezi iliyolegea hupunguza kasi ya mwili kutumia chakula, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya uzito unaotokana nayo ni chumvi na maji. Kwa wengi ni kilo mbili hadi tano hivi. Mtu aliyeongezeka kilo ishirini ana tezi na ana jambo lingine pia, na mhudumu anayemwambia kwamba yote ni tezi anamnyima nusu ya msaada. Anayemwambia kwamba yote ni ulafi naye anamdhulumu. Nimeona kosa hili la pili likidhuru zaidi kuliko la kwanza: mama mwenye tezi mbovu akinenepa, mtaani huambiwa amependeza, ndoa imemkubali, akifika kituoni anakemewa apunguze ugali, na miaka inapita hakuna aliyempima damu.

Kipimo chenyewe ni kimoja cha kuanzia. Maabara huandika TSH, homoni ambayo tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo huitoa kuihimiza tezi ya shingo. Tezi ikilegea, TSH hupanda. Dawa nayo ina historia ndefu: mwaka 1891 George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mgonjwa kwa maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ya kondoo, na mgonjwa yule akaishi miaka mingine 28. Leo tunatumia levothairoksini, homoni ileile iliyotengenezwa maabara, kidonge kimoja kwa siku.

Kidonge hicho kina masharti, na mengi yanavunjwa mezani wakati wa chai. Kimezwe kwa maji matupu, tumbo likiwa wazi, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Chai ya maziwa, kahawa na uji wa soya huzuia dawa isiingie vizuri katika damu. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki huzuia zaidi, na vivyo hivyo vya kalisi. Viachane na dawa ya tezi kwa saa nne. Mjamzito mwenye tezi iliyolegea kwa kawaida huhitaji kuongezewa dozi mapema, kwa hiyo amwambie daktari mara tu anapojua ana mimba. Baada ya kuanza au kubadili dozi, damu hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane. Kabla ya hapo mzani hauna la kukuambia.

TSH ikishatulia, maji hutoka na uso hurudi. Kilo zinazobaki baada ya hapo ni kilo kama za mtu mwingine yeyote, na hupunguzwa kwa njia zilezile: tonge la ugali lipungue, maharage na mboga viongezeke, sukari ya chai na soda za mchana ziachwe, maandazi yawe ya siku moja moja, na miguu itembee. Kabichi iliyopikwa haina neno. Mihogo ilowekwe na kuchachushwa vizuri, hasa michungu, kwa sababu sumu yake ikibaki huizuia tezi kutumia madini joto. Usile samaki wa Rukwa au dagaa wa ziwani ukitegemea madini joto ya baharini. Ni chakula bora, lakini kwa hilo hawatoshi.

Neno la mwisho ni kwa wale wanaonunua vidonge vya tezi ili wapungue, ilhali tezi zao ni nzima, na kwa wagonjwa wanaojiongezea dozi kwa haraka ya mzani. Homoni hii ikizidi, moyo hupiga ovyo na mifupa hupungua nguvu. Acheni. Na wewe uliyesoma hadi hapa ukazitambua dalili zako, nenda ukapimwe TSH kabla hujapunguza hata kijiko kimoja cha chakula.