Unene wa Mkato

Apitaye chini ya minazi ya Kaloleni, katika kaunti ya Kilifi, aghalabu huona vipande vidogo vilivyodondoka kutoka vileleni, vyeupe siku ya kwanza na vya hudhurungi siku ya pili, wala havijali. Nami nisingevijali lau nisingetambua kwamba chini ya minazi ya mgema mmoja mzee vilikuwa vyembamba hata vikivunjika kwa kuguswa, ilhali kwa jirani yake, ng'ambo ya ua, vilikuwa vinene kama vipande vya muhogo wa kukaanga. Udongo ni ule ule na minazi ni ya umri mmoja. Tofauti hiyo ndiyo iliyonirudisha kwa mzee yule.

Karara, kabla halijapasuka likatoa upunga, hufungwa kamba lisipate kufunuka, likainamishwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kisha ncha yake ikakatwa. Na tangu hapo mgema hupanda asubuhi na jioni, akamimina lililokusanyika kibuyuni, akaondoa kwa kotama tabaka ya juu, ndiyo vile vipande vidondokavyo, ili mishipa iliyoziba ifunguke upya, akakirudisha kibuyu mahali pake. Kila mkato huleta tembo, na kila mkato hulifupisha karara, hadi kibaki kishina kisichotoa kitu. Mzee huinoa kotama yake kila alfajiri, kwa kuwa makali yakipungua mkono hulazimika kutia nguvu, na mkono wenye nguvu haujui kiasi; halafu, akiwa juu, hukata kwa mvuto mmoja mrefu, pasi na kurudia, akautazama uso wa karara kama una unyevu wa kutosha, na ukiwa nao hushuka bila ya kuongeza hata unywele. Nilimwuliza kwa nini asizidishe kidogo, ili kibuyu cha jioni kizidi kujaa.

"Mwanangu," aliniambia, "mnazi wenye afya hutoa karara jipya karibu kila mwezi. Basi hili nililonalo sharti linifikishe kwenye lile lijalo. Akataye kwa pupa hulimaliza kwa wiki mbili, tatu. Siku zilizobaki atakula nini? Atalivamia lililo changa, au ataupanda mnazi aliokuwa ameupumzisha. Mwaka ukiisha hana mnazi uliopumzika."

Sikusikia katika maneno yake mahubiri yoyote ya kuhifadhi miti, na hilo lilinipendeza mno. Ilikuwa hesabu tupu ya mtu ajuaye rasilmali yake iko wapi. Msomaji ambaye dini yake yamharimishia kinywaji hiki naomba asinikasirikie, maana ninayemsifu ni mkataji, si mnywaji.

Hesabu hiyo hiyo inaongoza mambo yake mengine. Minazi kadhaa huiachia izae, kwa sababu karara lililogemwa halileti nazi, na nyumba haiwezi kuishi kwa tembo peke yake. Katika nazi hizo huchagua za mbegu, kutoka kwa mnazi mama uzaao sana, akaziotesha na kupanda miche kati ya minazi iliyozeeka. Hupanda mapema, maana mnazi mrefu wa pwani hukaa miaka 6 au 7 kabla ya kuzaa. Tembo lisilopata mnunuzi huwafikia wanawake wanaolitumia kuumulia unga wa vitumbua, na lililochacha kupita kiasi huachwa liwe siki. Halimwagwi.

Sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliweka masharti ya leseni, na udhia wa askari kwenye mangwe, yaani vilabu vya tembo, wajulikana na kila mtu. Mzee aliugusa kwa neno moja akaupita, nami nimefuata mfano wake.

Alilokaa kulizungumza ni bei. Nilimwuliza kama wenye mangwe humlipa zaidi yeye mwenye minazi isiyochoka, akacheka kwa muda. "Tembo likishaingia mtunguni nani ajuaye lilikatwaje? Bei ni moja." Faida yake, basi, haiko sokoni hata kidogo, iko katika miezi ambayo yeye bado ana cha kuuza na mwenziwe hana, na miezi hiyo wateja humjia wenyewe.

Lakini nusu ya minazi anayoigema si yake. Ameikodi kwa wenyeji wa karibu, kwa ijara na kwa sehemu ya tembo kwa siku walizoafikiana, na mwenye mali aweza kesho kumpa mgema mwingine atoaye ijara kubwa zaidi, kijana wa mkato mnene, ambaye atavuna kwa haraka ule uhai ambao mzee aliuacha kwa makusudi. Nilipomwuliza afanyeje juu ya hilo alinyamaza, kisha akanieleza kwamba mwaka huu amewaomba wenye minazi wampe muda wa miaka 3 badala ya msimu mmoja mmoja, na wawili wamekubali. Wamekubali kwa mdomo, mbele ya wazee. Mmoja wao ni mgonjwa sana, na wanawe wako Mombasa. Iwapo watajiona wamefungwa na neno la baba yao, mzee hajui, wala hakuna kati ya wazee wale aliyeweza kunihakikishia.